Rangi Ambayo Ng'ombe Hana

Siku wakwe walipokuja kumposa Grâce wetu, bwana yangu Muhirwa alisimama mbele ya watu, akakohoa, akafunga kifungo cha koti, nami nikajua tumekwisha. Muhirwa akifunga kifungo cha koti, ujue anakwenda kuahidi kitu ambacho hatuna.

"Binti yangu ataondoka hapa na icyansi," akasema. "Tena si icyansi cha ku soko. Nitakichonga miye mwenyewe, kwa huu mukono."

Akauinua mkono wenyewe, watu wauone vizuri.

Kwa asiyekijua, icyansi ni chombo cha mbao cha kukamulia maziwa. Kinachongwa kutoka gogo moja, tumbo pana, mdomo mwembamba. Kwetu, huko milimani juu ya Uvira, binti hakwenda kwa mume bila icyansi, na ng'ombe wake alimfuata nyuma. Hayo ni kweli, sibishi. Lakini vyombo hivyo vilikuwa na mafundi wake, sisi tulikuwa watu wa kuvitia maziwa tu. Na huyu bwana, katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, mimi nimemwona akichonga kitu kimoja, nacho ni kijiti cha kuchokolea meno.

Mzee Mutware, baba wa kijana, ni mtu wa maneno machache. Akamtazama Muhirwa, akautazama ule mkono, akasema kwa upole kabisa, "Mukwe, musijisumbue. Ku Mbarara biko mingi. Miye nitaleta kimoja."

Mtu mwenye akili angesema aksanti, akakaa. Wangu akaona ametukanwa.

"Kama siku ya ndoa sina icyansi mu mukono," akasema, "sitakalia kiti cha baba. Hapo mutaweka mutu mwingine. Ao muweke mbuzi."

Watu wakacheka. Mutware hakucheka. Akasema, "Tumesikia." Kwetu mzee akisema "tumesikia" mbele ya posa, neno limekwisha kuandikwa hata kama hakuna kalamu. Basi hivyo ndivyo bwana yangu alivyoweka rehani kiti chake kwenye ndoa ya binti yake wa pekee, mwaka wa 2014, hapa kambini Nakivale, Uganda, nikiwa nimekaa palepale na sinia la soda mkononi.

Wageni walipoondoka nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, na nilikuwa na mengi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mama Grâce, nilimuahidi."

"Ulimuahidi nani? Mutware?"

"Grâce."

Nikakumbuka. Mwaka wa tisini na nane, tukikimbia, Grâce alikuwa na miaka minne, amekaa mabegani kwake, analilia maziwa. Ng'ombe tulikuwa tumewaacha siku mbili nyuma. Na huyu baba, ili mtoto anyamaze, akamwambia: usilie, siku utaolewa nitakupa ng'ombe wako na icyansi chake. Nilikuwa nikitembea nyuma yao, nilisikia kwa masikio yangu.

"Ng'ombe sina," Muhirwa akasema. "Na sitamupata. Sasa hata icyansi kinishinde?"

 Nikaenda kuosha chupa.

Muhirwa, nikueleze vizuri umfahamu, ni mchungaji wa ng'ombe ambaye Mungu alimpa shamba la maharage. Jembe hakulipenda tangu siku ya kwanza, na jembe nalo halikumpenda. Tuna mbuzi wawili. Anawachunga kwa fimbo ndefu, ameiweka mabegani kama vile ana kundi la arobaini, na amewapa majina ya ng'ombe. Ukimwuliza habari za asubuhi atakujibu kuhusu malisho. Majirani wanamcheka, na mimi ninawacheka pamoja nao, lakini mtu mwingine akizidisha ninamgeukia.

Basi. Gogo alilipata kwa mtu wa Ngarama, gogo la muko, mti laini usiopasuka ovyo. Akalibeba begani mwenyewe. Kwa shoka dogo la kuazima akatengeneza umbo la nje, wiki mbili nzima, na vipande vya mbao vikaingia mpaka kwenye ugali. Umbo likatoka, sitadanganya, ila bega moja lilikuwa juu na jingine chini. "Ndani kutasawazisha nje," akasema. Sikuelewa, na nadhani naye hakuelewa.

Shida ilikuwa huko ndani. Kisu cha kawaida kimenyooka. Kinachimba shimo, hakichimbi tumbo. Unahitaji kisu kidogo chenye pua iliyopinda, kinachoingia kwenye mdomo mwembamba, kisha kinageuka huko ndani na kukwangua ukuta. Kisu hicho hakipo soko la Base Camp. Muuza vyuma alipoulizwa alimpa mundu wa kukatia majani.

Ndipo akachukua kisu changu cha jikoni.

Naomba unisikilize hapa. Kile kisu kilitoka Uvira nami, kimefungwa kwenye kitenge kiunoni. Kilivuka mipaka miwili. Kilimenya mihogo kando ya barabara ambazo sitaki kuzitaja. Kimepita vita vyote, hakikupata hata doa. Muhirwa akakiweka juu ya jiwe, akakigonga kwa jiwe lingine ili kipinde, kikasema ti! kikakatika pua.

"Chuma chake kilikuwa kibaya," akaniambia.

"Mubaya ni weye!" nikamwambia, na siku hiyo alikula viazi na maganda yake, kwa kuwa kisu hakuna.

Baada ya kisu changu ikaja zamu ya mwavuli wangu wa Jumapili. Akachomoa ubavu mmoja, akaupinda, ukapindika vizuri sana, na ulipogusa mti ukanyooka tena. Nikamshauri kama mke mwema: nenda Mbarara, nunua icyansi kilichokwisha chongwa, kikwaruze kidogo kwa juu, nani atajua? Akanitazama kana kwamba nimemwambia tumuuze mtoto. "Miye nitajua," akasema. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kumdanganya. Vitu vya mbali aliviona, vya karibu vilikuwa ukungu. Kwenye Biblia alisoma mstari ambao haukuandikwa. Alikuwa na karatasi ya kwenda Ruharo, huko Mbarara, kwenye hospitali ya misheni, kupimwa apewe miwani. Nikamtuma. Akaondoka asubuhi, amevaa koti.

Jioni akarudi. Kwenye pua hakuna miwani. Mkononi ana tupa mbili, vile vyuma vya mistari vya kunolea panga, na kipande cha bomba.

"Miwani iko wapi?"

"Mama Grâce, nimepata mutu!"

Huyo mtu anaitwa Karekezi, fundi wa garage moja njiani kuelekea hospitali. Muhirwa alisimama kumwuliza njia, akaona vyuma vimelala chini, akauliza kuhusu kisu. Fundi akamwambia tupa iliyochakaa ndiyo chuma bora cha kisu kidogo, akampa moja ya kutengenezea na nyingine yenye meno ya kuichongea. Halafu akamwuliza, "Icyansi cha nini? Una ng'ombe?" Basi. Karekezi mwenyewe ni mtoto wa wafugaji wa huko huko Ankole. Walikaa juu ya tairi mpaka gari la Nakivale likapiga honi. Hospitali ilikuwa mita mia mbili kutoka hapo, na bwana yangu, anayeona mbali, hakuiona, kwa sababu ya ng'ombe.

Kesho yake kazi ikaanza. Kwanza tupa inazikwa kwenye makaa na kuachwa ipoe polepole ndani ya majivu, ili ugumu uitoke. Halafu unaichonga kwa ile tupa nyingine, kwaru, kwaru, kwaru, siku nne, mpaka nikawa ninaisikia hata nikiwa kanisani. Pua ikapigwa ikiwa nyekundu, ikazungushwa kwenye lile bomba mpaka ikapinda kama kidole kinachokuita. Hapo, nasema ukweli, nilipendezwa. Kilianza kufanana na kisu.

"Sasa ninahitaji sumaku," akasema.

Karekezi alikuwa amemfundisha: unatia chuma motoni, kinakuwa chekundu, unakigusisha sumaku. Ikikamata, bado. Ikikataa kukamata, ndiyo saa yake, unakizamisha kwenye mafuta mara moja. Mimi nikiwa ninapepeta maharage nje, sikujua kwamba sumaku inakaa ndani ya spika ya redio. Muhirwa alijua. Niliporudi ndani redio yangu ilikuwa na tundu tumboni, na mhubiri wangu wa saa kumi amenyamaza milele.

Mafuta je? Mafuta ya kupikia tulikuwa nayo, yale ya mgao. Akayanusa. "Haya ni mafuta ya majani," akasema. "Icyansi ni kitu cha ng'ombe. Kisu chake hakiwezi kuzaliwa mu majani." Akaenda kwenye chungu changu cha siagi ya ng'ombe, niliyokuwa nimeikusanya kijiko kwa kijiko kwa ajili ya ndoa, akaiyeyusha yote. Yote! Akazamisha kile chuma chekundu, pshaaa, moshi ukajaa ua mzima. Goretti, jirani yetu, akaja mbio akiwa na sahani.

"Jirani, munapika nini leo? Kunanukia vizuri!"

"Tunapika tupa," nikamwambia.

Kisu kilitoka kigumu ajabu. Akakinoa, akanyoa nacho nywele za mkono, akatuita sote tuone upara. Akamnyoa na mbuzi mmoja kidogo. Akafunga kipini cha mpera, akakaa kwenye kigoda, akaweka gogo katikati ya magoti, akaingiza kisu, akavuta mara ya kwanza, likatoka gamba jembamba zuri la mti. Akavuta ya pili. Ti! Pua ikabaki ndani ya gogo.

Ile sauti niliijua, ndiyo ileile ya kisu changu. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, hata maneno nilikuwa nayo tayari, lakini nilipomwona alivyokaa na kipini mkononi sikuweza.  Siku mbili hakuwapeleka mbuzi malishoni, na hakuwaita kwa majina yao. Ziliponibaki wiki tatu kwenye hesabu yangu ya ndoa, nilivaa viatu.

"Simama," nikamwambia. "Tunakwenda ku Mbarara. Na safari hii hakuna mutu ataongea habari ya ng'ombe."

Karekezi alikuwa chini ya gari. Akatoka, akafuta mikono, akamwona Muhirwa, uso ukamng'aa. "Muzee! Ile ng'ombe yako ya pembe moja..."

"Hapana!" nikasema. "Ng'ombe hapana. Leo ni kisu."

Akanitazama, akamtazama Muhirwa, Muhirwa akatazama chini. Nikampa kile kipini na kipande cha pua. Akakigeuza mara moja tu.

"Banange! Muzee, hii hukurudisha kwa moto mara ya pili?"

"Mara ya pili gani?" Muhirwa akauliza.

"Ikitoka kwa mafuta, chuma nakuwa kali sana, navunjika kama kikombe. Lazima urudishe kwa moto kidogo, polepole, hasira natoka. Mimi sikukuambia hiyo?"

"Hukuniambia."

"Sasa kwa nini sikukuambia?"

Wakafikiri wote wawili. Nilikuwa ninawatazama wakifikiri.

"Gari ilipiga honi," Muhirwa akasema taratibu. "Na siye tulikuwa bado ku ile ng'ombe ya pembe moja."

Yesu wangu! Siagi yangu, redio yangu, siku nne za kwaru kwaru, yote yalikufa kwa ajili ya ng'ombe mmoja mwenye pembe moja, ambaye naye alikufa mwaka wa tisini na sita! Niliwaambia wote wawili maneno, hata wale waliokuwa chini ya magari mengine walitoka kusikiliza. Nilipomaliza, Karekezi akasema kwa heshima, "Nyabo, pole. Sasa nasema yote. Unang'arisha kisu kwa jiwe, nakuwa nyeupe. Unaweka juu ya makaa, mgongo chini. Rangi nakuja. Unangoja rangi ya... ya..." Akakwama. Akaangalia juu. "Nyabo, mimi nitasema hii rangi bila ng'ombe namna gani?"

"Sema rangi tu. Ya kahawia."

"Kahawia iko nyingi!"

"Iko mingi sana," Muhirwa akakubali, akitikisa kichwa.

Nikaona nimeshindwa. Nikakaa juu ya tairi. "Haya," nikasema, "leteni hao ng'ombe wenu."

Na hapo ndipo jambo likaeleweka kwa dakika moja. Karekezi akasema rangi ya kwanza ni ya kitare, ng'ombe mweupe ambaye jua limempiga. Bado. Halafu inakuja gaju, yule wa rangi ya asali. Hapo hapo, toa, tia kwenye maji. Ukichelewa inakuja bihogo, nyekundu ya giza, na kisu kinaanza kuwa mvivu. Halafu inakuja buluu.

"Buluu ni ng'ombe gani?" Karekezi akauliza.

"Hakuna," Muhirwa akasema.

"Basi. Ukiona rangi ng'ombe hana, umechelewa."

Akatupatia tupa nyingine nzee. Kwaru kwaru ikaanza upya, ikafuata pua kuzungushwa, na mafuta safari hii yalikuwa ya majani, kwa kuwa siagi ilikuwa imekwisha yote. Kisu kikatoka kigumu, kikang'arishwa kwenye jiwe mpaka kikawa cheupe. Tukawasha makaa. Muhirwa akainama, akaangalia kisu juu ya moto, akakunja uso, akarudi nyuma, akasogea tena, akaondoa kisu motoni haraka.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Sioni rangi," akasema. "Karibu ni ukungu, na mbali kisu ni kidogo."

Nilitaka kusema neno moja tu, Ruharo, lakini alikuwa amekwisha kulifikiria mwenyewe, ilionekana usoni. Mimi nilikuwa na macho, ila nina kikohozi, na moshi wa makaa ukinipata ninafumba. Akabaki Grâce.

Tatizo ni kwamba Grâce hajui ng'ombe. Amekulia hapa, kwenye foleni za maji na vitabu vya shule. Ng'ombe wa Ankole anawaona kila siku wakishuka ziwani kunywa, pembe zile ndefu, lakini kwake wana rangi moja: ng'ombe. Baba yake akamshika mkono wakaenda kusimama kwenye njia ya ziwa. Bibi harusi mtarajiwa, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado! Niliwafuata, kwa hasira kidogo na kwa hamu ya kuona.

"Ule?" Muhirwa akauliza.

"Wa kahawia, Papa."

"Hakuna ng'ombe wa kahawia! Ule ni bihogo. Na ule?"

"Bihogo?"

"Ule ni mutu, Grâce. Ni mutu amevaa koti."

Siku ya kwanza alipata mmoja kati ya kumi. Siku ya pili alianza kubisha, na mtoto akianza kubisha ujue anaelewa. Siku ya tatu akanyoosha kidole mwenyewe kwenye mtamba mmoja wa rangi ya asali aliyekuwa amesimama kando. "Papa, ule ni gaju."

Muhirwa akaegemea fimbo yake. "Ni gaju," akasema. "Mama yako alipougua, ukiwa na miezi miwili, maziwa yalimukauka. Ulinyweshwa maziwa ya gaju wetu mwaka muzima. Alikuwa hivi hivi. Alikuwa na hii alama mu uso."

Grâce alimtazama yule ng'ombe mpaka akaingia majini. Hiyo habari alikuwa hajawahi kuambiwa. Nami, niliyekuwa mgonjwa mwenyewe, sikuwahi kumwambia. Mtu hutamani kusahau. Nililia kidogo nikasingizia upepo.

Siku iliyofuata tukawasha makaa tena. Muhirwa alishika kisu kwa koleo, Grâce akachuchumaa karibu kabisa, uso unawaka kwa joto, macho hayapepesi. Ndoo ya maji ilikuwa pembeni. Mimi nilisimama mlangoni, nimeziba pua.

"Kitare, Papa."

"Ngoja."

"Kitare bado... inakuja... Gaju! Papa, gaju! Huyo!"

Tsss. Kisu kikazama.

Hicho hakikukatika. Kiliingia ndani ya gogo na kutoka na magamba membamba, yamejikunja, na Muhirwa aliimba nyimbo za kuchunga siku saba mfululizo, na mimi nikafagia siku saba. Kwa vidole aliona kile ambacho macho hayakuona. Aliingiza mkono, akapapasa, akakwangua. Ijumaa icyansi kilikwisha. Bega moja juu, jingine chini, kama siku ya kwanza. Ndani hakukusawazisha nje hata kidogo. Nikakipaka siagi mpya, ambayo Goretti alinipa, nikakifukiza kwa nyasi kama mama yangu alivyofanya, kikanukia nyumbani.

Jumamosi, baada ya kanisa, tukakaa uani kwa wakwe. Kiti cha baba kilikuwa mbele, kimefunikwa kitambaa, kitupu. Muhirwa akasimama karibu nacho, amekumbatia icyansi kilichojaa maziwa. Mutware akakipokea. Akakiweka mezani, kikaegama. Kuna shangazi mmoja alicheka. Mutware akamimina maziwa kwenye vikombe, akaingiza mkono ndani, akapapasa ukuta wote polepole mpaka chini.

"Ni kisu gani kilipita humu?" akauliza.

"Changu," Muhirwa akasema. "Nilikitengeneza."

Mutware akatikisa kichwa, akapapasa tena. Halafu akauliza swali ambalo kwetu lazima liulizwe, na ambalo mimi, katika kelele zote za visu na siagi, nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Na hiki icyansi ni cha ng'ombe gani?"

Maana icyansi hakitolewi peke yake. Kinatolewa na jina la ng'ombe anayekuja nacho.  Mkono wa Muhirwa ukaenda kwenye kifungo cha koti, nikafumba macho, nikasema basi, sasa tutaahidi kundi zima. Lakini kifungo hakikufungwa. Mkono ukashuka. Bwana yangu, mwenye maneno kuliko redio, alisimama mbele ya watu mia moja hana neno hata moja, na niliumia kwa ajili yake mpaka mifupani.

Bibi harusi kwetu hasemi siku hiyo. Anainamisha uso, anangoja yaishe. Grâce akainua uso.

"Ni cha Gaju," akasema. "Miye nilimuona."

 Mzee Mutware alimtazama bibi harusi, akamtazama Muhirwa, akakirudisha icyansi mezani, akakishika kisianguke. Halafu akasogea mwenyewe, akaondoa kitambaa, akavuta kiti.

"Tumesikia," akasema. "Ukae, mukwe."

Muhirwa akakaa. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye koti, hayafuti. Nikamwinamia.

"Papa Grâce, batu banakuangalia."

"Ni moshi," akasema.

"Moshi gani? Chakula kilipikwa tangu asubuhi."

"Basi ni macho. Yananisumbua."

"Kama ni macho," nikamwambia, "siku ya kwanza uende Ruharo, upewe miwani."

Jumatatu alikwenda. Nilimsindikiza mpaka garini, nikamwapisha. Jioni akarudi bila miwani, ana tupa mpya ndefu mkononi, akasema hiyo ni ya kisu changu cha jikoni.